Jibu Lililonyang'anywa Swali Lake

Bibi yangu nilimkuta Kensington, hapa Sydney, amebandikwa ukutani kwa gundi, karibu na kituo cha treni ndogo ya mjini. Nilikuwa nampelekea mpwa wangu sufuria na mablanketi. Anasoma chuo kikuu pale, amepanga nyumba na wenzake. Nikashuka, nikainua macho, na huyo hapo. Uso wake ulikuwa mkubwa kuliko mlango, kitambaa kimefungwa kichwani kwa fundo la pembeni kama alivyofunga yeye peke yake, macho yamejaa maji. Chini yake neno moja la Kiswahili kwa herufi nyekundu: TUMEKWISHA. Na chini ya neno hilo, kwa Kiingereza, maelezo kwamba gwiji wa filamu za maisha halisi kutoka Italia ataonyesha kazi zake za miaka yote, Jumamosi alasiri, wote mnakaribishwa.

Sijui wewe ungefanya nini. Mimi nilisimama pale mpaka mikono ikachoka kwa uzito wa sufuria. Sikulia. Nilikasirika, na hasira ile sijaimaliza hadi leo ninapokuandikia. Nivumilie basi, nitajaribu kusimulia kwa mpangilio.

Tulikuwa kambi ya wakimbizi, Tanzania, upande wa Kasulu. Bibi alitoka Rumonge, Burundi, kando ya ziwa, alikouza mawese sokoni, ndiyo maana Kiswahili kilimtoka kwa wepesi kuliko majirani wetu wengi wa milimani. Wazazi wangu hawakufika kambini. Hilo sitalieleza leo. Alitulea yeye, mimi na kaka zangu wawili, katika kijumba cha matofali mabichi kilichoezekwa turubai.

Watu hawapendi kusikia hivi, lakini utoto wangu pale niliupenda. Mvua ikinyesha, turubai lilipiga kelele mpaka ikabidi tuongee kwa ishara, na kaka yangu mkubwa akawa anaigiza mahubiri ya katekista kwa mikono mitupu. Asubuhi tulipanga madumu bombani, na aliyechoka kusubiri aliacha jiwe mahali pake. Jiwe liliheshimiwa kama mtu. Mwalimu wetu aliandika kwa mkaa kwenye kipande cha mbao, akatuimbisha jedwali la kuzidisha huku yeye mwenyewe akicheza. Kulikuwa na mlio wa vinu, mama mmoja akianza kutwanga kisamvu na wengine wakimjibu nyumba kwa nyumba. Kulikuwa na mahindi ya njano ya posho, ambayo bibi aliyatukana kila siku kwa Kirundi, na maharage yaliyokataa kuiva hata uyachemshe tangu alfajiri. Na juu ya yote kulikuwa na harufu ya mawese. Chupa moja ya mawese bibi hakuikosa kamwe. Aliipata kwa kubadilishana na wenyeji, akaificha nyuma ya mtungi.

Chupa hiyo ilikuwa na kazi mbili, na hapa ndipo unisikilize vizuri.

Nyumbani kwetu hapakuwa na kosa kubwa kuliko kumwambia mgeni kwamba una njaa. Adhuhuri ikifika, bibi aliwasha moto na kuteleka sufuria, chakula kiwepo kisiwepo. Posho ikiwa imefika, ndani mlikuwa na ugali au maharage. Posho ikichelewa, ndani mlikuwa na maji. Mfuniko ulikaa juu, moshi ukapanda, majirani wakauona. "Moshi ni nguo ya nyumba," alisema bibi. Kisha alichovya kidole kwenye ile chupa, akatupaka midomoni mmoja mmoja, tukatoka nje tunang'aa kama watu waliotoka harusini. Mtoto wa jirani naye alikuja kucheza, midomo yake inang'aa vilevile. Sisi tukajua, naye akajua, mchezo ukaendelea.

Mtu akikuuliza kama mmekula, jibu lilikuwa moja: tumekwisha. Anayesema "bado" anamlazimisha mgeni kufungua mkoba wake, na hiyo kwa bibi ilikuwa sawa na kuomba barabarani. Kaka yangu mdogo aliwahi kuteleza akasema "bado" mbele ya katekista. Alifinywa paja mpaka akaimba. Na sufuria ya mwenzio hufunui. Kambini kulikuwa na wezi, sikatai, lakini hata mwizi alibeba sufuria na mfuniko wake.

Mwitaliano alikuja kwetu wakati wa mvua, posho ikiwa imekwama njiani kwa sababu ya matope. Kwetu sisi Mwitaliano alikuwa padri. Halikuwa jambo la kujadiliwa. Waitaliano wote tuliowahi kuwaona, tangu Burundi, walikuwa mapadri, na huyu alikuwa na ndevu, na shati la kijivu lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Mkalimani wake, kijana Muha wa Kasulu, alijaribu kueleza.

"Huyu si padri, bibi. Anapiga picha."

"Na padri hapigi picha?" bibi akamuuliza. Jirani zetu wakacheka, na mjadala ukaishia hapo.

Wanawake walimpigia goti. Mama mmoja alimsogezea mtoto mchanga mwenye kikohozi, akasubiri. Mwitaliano alimtazama mkalimani, akamtazama mama, akanyoosha kidole gumba, akachora msalaba kwenye paji la uso la mtoto. Hakukana. Ninalikumbuka hilo kwa sababu mimi pia nilisogeza paji langu la uso, nikapata msalaba wangu.

Akaingia jikoni kwetu na mashine yake. Bibi alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga. Kuni zilikuwa zimelowa, moshi mzito ulimwingia machoni, machozi yakamtiririka kama yanavyomtiririka yeyote apikaye kwa kuni mbichi. Mkalimani akainama kwa adabu.

"Shikamoo bibi. Mmekwisha kula?"

"Marahaba. Tumekwisha," akajibu bibi, akapunga mkono kama afukuzaye inzi, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Tuwape maji, baba zangu?"

Hayo ndiyo yaliyosemwa. Mimi nilikuwepo, nimekaa juu ya dumu, midomo inang'aa.

Walipoondoka, bibi alishika kichwa. "Yesu wangu, nimemdanganya Padri!" Jumapili alipanga foleni ya kitubio kwa padri wa kweli, akarudi amechangamka. Tulimzunguka tukamtania: "Bibi, umepewa adhabu gani?" Akasema, "Rozari nzima, kwa ajili ya matumbo yenu!" Akaisali yote, anasinzia, anaamka, anaendelea. Fikiria hilo. Mtu alikuja kwake akikubali aitwe padri, na aliyepiga magoti kutubu uongo ni yeye.

Jumamosi ile nilikwenda Kensington na binti yangu, ambaye yuko sekondari, na jirani yangu wa Macquarie Fields, mama Mkongo kutoka Uvira. Tunafanya kazi pamoja, tunatunza wazee. Njiani alinitania bila kupumua: "Weye, kumbe bibi yako ni vedeti wa sinema! Na ulikuwa unatuficha, unakula sombe na sisi kama mutu wa kawaida!"

Ukumbi ulikuwa mdogo, umejaa. Yule mzee alikuwa mbele, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, ndevu zimekuwa nyeupe kabisa. Kumbe anaishi hapa hapa Sydney. Mke wake alipofariki alihamia kwa binti yake, mitaa ya Waitaliano kule Haberfield. Tumenunua mkate mji mmoja, na mimi sikujua.

Mwenyeji wa shughuli alisimulia maisha yake, naye mzee akaongezea kwa Kiingereza chake kinachoimba. Alizaliwa katika mji mdogo wa kaskazini mwa Italia, chini ya milima, baba mchonga mawe, mama mfanyakazi wa kiwanda cha kusokota hariri. Kamera ya kwanza aliazima parokiani. Filamu yake ya kwanza aliipiga kiwandani kwa mama yake: wanawake wenye mikono iliyochubuliwa na maji ya moto. Halafu akaenda Ubelgiji akashuka mashimoni na wachimba makaa ya mawe waliotoka kwao Italia. Halafu wavuvi wa kusini, halafu nchi za mbali, tetemeko huku, ukame kule. Kazi yenyewe, niseme haki, ni nzuri. Nilipowaona wale wachimba makaa wanavyooshana migongo, kimya, nilijikuta nimeinama mbele kitini. Mtu huyu anajua kutazama. Ndiyo maana siwezi kumsamehe kwa kisingizio kwamba hakuona.

Alituchekesha kwa kisa kimoja. Katika ile filamu ya kwanza kulikuwa na picha ya mama yake, amechoka, anakula amesimama, anachota moja kwa moja kutoka sufuriani. Mama alipoiona alimkaripia: watu watasema mimi sina meza? Akamwamuru aitoe. "Nikaitoa," alisema mzee, mikono juu kama mtu aliyeshikiwa bunduki. "Mama wa Kiitaliano! Ningefanya nini?" Ukumbi ukacheka. Jirani yangu akacheka. Mimi nilijisikia kama niliyemwagiwa maji ya barafu, ingawa sikuelewa bado kwa nini.

Taa zikazimwa, kambi yetu ikatokea.

Niliona njia ya bombani. Niliona madumu, na mawe ya watu waliochoka kusubiri. Nikasikia vinu. Kwa muda mfupi, rafiki yangu, nilikuwa na furaha ambayo sina jina lake. Halafu nikajiona mimi. Kamera ilisogea mpaka mdomoni kwangu, na sauti ya msimulizi ikasema kwa upole kwamba mtoto huyu ana homa. Homa! Mawese ya bibi yamekuwa homa.

Halafu jikoni. Moshi, machozi, ukimya mrefu. Hakuna shikamoo. Hakuna mkalimani. Hakuna swali. Uso wa bibi umejaa ukumbi mzima, anafungua kinywa anasema, "Tumekwisha," na kabla tabasamu halijafika mdomoni, picha inakatwa, giza. Chini yakatokea maneno ya Kiingereza: sisi ni watu tuliomalizika, hakuna tena tumaini kwetu. Mwanamke mmoja nyuma yangu alipiga kite.

Binti yangu akaninong'oneza kwa Kiingereza, kama anavyonijibu siku zote: "Ndiye yeye? Maskini. Alikuwa amekata tamaa kiasi hicho?"

Kiswahili anakielewa. Neno lile amelisikia tangu yuko mgongoni. Ndilo tunalosema mgeni akitukuta tunaondoa sahani. Lakini maandishi yalikuwa chini ya picha, na ukumbi mzima ulikuwa unalia, na akaamini maandishi kuliko kinywa cha mama wa bibi yake mwenyewe. Hapo ndipo nilipojua ninagombania nini. Binti yangu hakuwahi kumwona bibi. Alikuwa anakutana naye kwa mara ya kwanza, na aliyewatambulisha alikuwa mwongo.

Maswali yaliporuhusiwa nilisimama. Jirani yangu alinivuta sketi. "Sheri wangu, acha. Uyu muzee atakufa karibu. Utapigana na maiti?" Sikukaa.

Nilisema mimi ni nani. Watu wakageuka, wakafurahi, wengine wakatoa simu kunirekodi. Nikaeleza kwamba bibi aliulizwa kama tumekula, na neno lile ni jibu la swali hilo, jibu la heshima, na mtoto yeyote wa Kiswahili angekuambia. Nikasema ninachotaka ni kitu kimoja: swali lirudishwe mahali pake.

Nilitegemea mshangao. Nilikuwa nimejiandaa kumsamehe mtu aliyekosea. Mzee akasema, "Ninajua, sinyora. Mkalimani aliniambia siku ileile."

Simu zilizokuwa zikinirekodi zikamgeukia yeye.

"Ulijua?"

"Nilijua. Lakini bibi yako alitoka nje na watoto kututafutia vikombe vya maji. Nikafunua sufuria. Ndani yalikuwa maji matupu." Akanyanyua mabega. "Aliniambia wamekula, na hawakuwa wamekula. Nifanye nini? Nionyeshe uongo wake? Neno lake, likiwa peke yake, lilisema ukweli aliouficha. Nilichagua ukweli."

Nimelifikiria jibu hilo siku nyingi, na nakiri lina meno. Ni kweli hatukuwa tumekula. Jioni ile tulilamba midomo yetu wenyewe. Lakini pale ukumbini sikuwa na subira ya kufikiri. Nilimwambia, na sauti yangu sikuidhibiti: "Nani alikupa ruhusa ya kufunua sufuria ya mwanamke? Tulikukaribisha kama padri, na hata padri hafunui! Uongo ule ulikuwa wake. Hakuwa na ardhi, hakuwa na ng'ombe, hakuwa na mwana aliyebaki hai. Alikuwa na mfuniko. Mama yako alipokataa kuonekana anakula kwa kusimama, ulitoa picha. Bibi yangu ungemuuliza lini?"

Mzee aliinamisha kichwa. Kisha akaongea taratibu, na hakuwa anaigiza. "Mama yangu alikuwa na uwezo wa kunifungia mlango. Bibi yako hakuwa nao. Una haki." Nikangoja. "Lakini swali siwezi kulirudisha. Nilihama na vitu vichache, kanda zote za mabaki zilitupwa. Naweza kuandika maelezo mwanzoni. Filamu yenyewe, sinyora, imekwisha."

Na unajua watu wale walifanya nini? Walipiga makofi. Walimpigia yeye kwa unyenyekevu wake, na mimi kwa ujasiri wangu. Mwenyeji akasema yalikuwa mazungumzo yenye kugusa sana, akatutangazia kwamba kuna jibini na divai ukumbi wa nje. Hasira yangu ikawa sehemu ya burudani ya alasiri. Mwanamke aliyepiga kite alinishika mkono akaniambia bibi yangu angejivunia. Angejivunia! Bibi angemfinya paja.

Kwenye treni ya kurudi Macquarie Fields, jirani yangu alisema tu, "Kufunua sufuria... ile mutu haina aibu," akageukia dirishani. Kwake kesi ilikuwa imekwisha kuhukumiwa. Binti yangu ndiye aliyeniuliza kwa Kiingereza: "Lakini mlikuwa na njaa kweli?"

"Tulikuwa na njaa."

"Basi si alisema ukweli? Kwa nini bibi hakusema tu kwamba mna njaa? Labda mngeletewa chakula."

Nilitaka kumkaripia, sikuweza. Amekulia nchi ambayo mtu mwenye shida hupewa namba ya kupiga simu, na anayeficha shida huambiwa anajiumiza. Nikamweleza juu ya moshi, na mawese midomoni, na jiwe la foleni. Alisikiliza mpaka mwisho. Mwisho akasema, safari hii kwa Kiswahili chake kinachochechemea, "Lakini ulikuwa mtoto mdogo, mama. Ulilala na njaa." Alikuwa ananihurumia mimi, na huruma hiyo ilikuwa ya haki, na ilimpita bibi kama vile hayupo. Mwitaliano alikuwa ameshinda.

Baada ya wiki kadhaa yule mzee alinitumia nakala ya filamu, pamoja na maneno machache ya adabu, na mwanzoni ameweka yale maelezo aliyoahidi. Yanasomeka vizuri. Nani husoma mwanzo wa filamu?

Hata hivyo naitazama. Huo ndio ubaya wenyewe, na sitaki nikufiche. Bibi alifariki kabla hatujapata safari ya kuja huku, akazikwa upande wa juu wa kambi, na watu waliobaki wanasema pale sasa ni msitu, hata matofali ya vijumba yamerudi kuwa udongo. Hatukuwa na kamera. Hakuna picha yake nyingine, wala sauti yake nyingine, popote duniani. Nikitaka kumwona, lazima nimbishie hodi mtu yuleyule aliyemfunua. Siku moja, watoto hawapo, nilisimamisha filamu kabla hajafungua kinywa, nikamuuliza mwenyewe kwa sauti, kwa adabu yote, kama wamekula. Nikaiachia. Akanijibu.

Akanijibu kama anavyojibiwa mgeni. Kwa sababu ile ilikuwa sauti ya mlangoni, sauti ya kupokelea watu. Wageni wakishaondoka alikuwa na sauti nyingine, nzito kidogo, yenye Kirundi ndani yake, aliyotuitia sisi watatu tusogee karibu na moto, akatuambia kweli jinsi mambo yalivyo, na kesho tutajaribu wapi. Ile hakuna aliyeirekodi. Kaka zangu wanasema hawaikumbuki tena, na mimi kila nikijaribu kuisikia, inakuja hii ya ukumbini.